Punguzo la Kodi ya Majengo kwa Umeme wa Jua Jijini New York: Tathmini ya Mweka Hazina wa Jengo la Ushirika

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa mweka hazina wa jengo la ushirika lenye fleti 60 jijini New York, yaani jengo ambalo wakazi wake ni wanahisa wanaolimiliki kwa pamoja, na katika muda huo hakuna jambo lililonichukulia saa nyingi kama kufuatilia punguzo la kodi ya majengo ambalo jiji huwapa wamiliki wanaofunga paneli za umeme wa jua juu ya mapaa yao. Ninalitathmini kama huduma kwa sababu ndivyo linavyotumika: mwenye jengo huliomba, huwalipa wataalamu wa kuliandalia nyaraka, huisubiri ankara, kisha hupima kama alichopata kinalingana na alichotoa. Majirani wanaokaa katika bodi za majengo mengine wameniuliza mara nyingi kama linafaa kuhangaikiwa. Linafaa, na nitaeleza kwa nini. Lakini anayeliomba kwa kutarajia kwamba litalitoa jengo lake katika tatizo la hewa ukaa anapaswa kusoma hadi mwisho.

Utaratibu wake si mgumu kuuelewa. Mfumo wa paneli uliowashwa kuanzia tarehe 1 Januari 2024 humpatia mwenye jengo punguzo la asilimia 30 ya gharama zinazokubalika, nalo hugawanywa katika miaka minne, asilimia 7.5 kila mwaka. Kwa mifumo iliyotangulia tarehe hiyo kiwango kilikuwa asilimia 20, yaani asilimia 5 kwa mwaka, na nakumbuka kwamba ongezeko hilo ndilo lililowashawishi wanahisa wetu waliokuwa wakisitasita. Kikomo cha kila mwaka ni dola 62,500 au kodi yote ya mwaka huo, kwa kuzingatia kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili, na kinachozidi hakihamishiwi mwaka unaofuata. Jambo ambalo wengi hulichanganya ni kwamba punguzo hili haligusi thamani ya makadirio ya jengo, ile ambayo kodi hukokotolewa kutokana nayo. Linakatwa kwenye kodi yenyewe baada ya hesabu zote kukamilika, kwa hiyo kila dola ya punguzo ni dola kamili iliyobaki katika akaunti ya jengo.

Kwa upande wetu, mfumo una uwezo wa kilowati 50 na uligharimu dola 200,000. Asilimia 30 ya kiasi hicho ni dola 60,000, nasi tunazipokea kwa mafungu manne ya dola 15,000. Jengo la ushirika lina ankara moja ya kodi, si ankara 60, kwa hiyo hakuna mwanahisa anayeona punguzo hilo kwa jina lake. Analiona, akiliona, katika ada ya mwezi. Ukigawa dola 15,000 kwa fleti 60 unapata dola 250 kwa fleti kwa mwaka, yaani karibu dola 21 kwa mwezi. Nataja hesabu hii kwa sababu nimewahi kusimama mbele ya mkutano wa wanahisa ambao waliambiwa na muuzaji kwamba kodi yao "itafutwa", na haikuwa kazi ndogo kuwarudisha kwenye tarakimu halisi. Umeme unaozalishwa, kilowati-saa zipatazo 60,000 kwa mwaka, unatuokolea takriban dola 13,000 nyingine, na hizo zitaendelea kuingia baada ya miaka minne ya punguzo kwisha.

Sehemu ya maombi ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa. Fomu hupelekwa Idara ya Majengo, huandaliwa na mhandisi au msanifu majengo mwenye leseni, na huambatanishwa na mchanganuo wa gharama. Idara hiyo ikiridhika, Idara ya Fedha ndiyo inayoliingiza punguzo kwenye ankara. Mwaka wa fedha wa jiji huanza tarehe 1 Julai, na ili punguzo lionekane katika ankara ya Julai, maombi yanapaswa kuwa yamewasilishwa kabla ya tarehe 15 Machi kupita. Mfumo wetu uliwashwa mwezi Novemba. Mkandarasi tuliyemkabidhi kazi pamoja na makaratasi yake alituhakikishia kwamba miezi minne ni mingi mno. Kumbe alikuwa amekusanya ankara za vifaa na kazi katika jumla moja isiyochanganuliwa, mhandisi akakataa kuzitia saini, na mchanganuo sahihi ulipopatikana, Machi ilikuwa imekwisha. Hatukupoteza punguzo, ila lilisogea mwaka mzima, na katika mwaka huo tuliendelea kulipa marejesho ya mkopo ambao mpango wetu wote ulitegemea kwamba dola 15,000 za kwanza zingekuwa zimeshaingia. Sina lawama kwa utaratibu wenyewe katika hili, kwa maana tarehe ilijulikana. Ninachokishauri ni kwamba bodi yoyote iandike katika mkataba kuwa malipo ya mwisho ya mkandarasi hayatatolewa mpaka mhandisi athibitishe kuwa maombi yamepokelewa.

Kuhusu paa nitasema machache. Paa letu lina futi za mraba 10,000, lakini tuliweza kutumia kama theluthi moja tu, kwa kuwa kanuni za zimamoto zinataka njia zilizo wazi za kupita, tangi la maji linatupa kivuli chake upande wa kaskazini, na chumba cha mitambo ya lifti kimekaa pale ambapo jua ni kali zaidi. Anayeishi katika jengo la ghorofa nyingi na paa dogo asitarajie zaidi ya hapo.

Sasa nifike kwenye kiini cha tathmini hii, ambacho ni hewa ukaa. Punguzo la kodi lilianza kutolewa mwaka 2008, zamani kabla ya Sheria ya Jiji Namba 97 ya mwaka 2019, lakini leo hakuna bodi inayolijadili bila kuitaja sheria hiyo. Inayahusu majengo mengi yenye eneo la zaidi ya futi za mraba 25,000. Inaliwekea kila jengo ukomo wa gesi joto, yaani hewa ukaa na gesi nyingine zinazopasha dunia joto, kwa mwaka. Ukomo wa kwanza ulianza mwaka 2024, wa pili ulio mkali zaidi unaanza mwaka 2030, na kila tani inayozidi inatozwa faini ya dola 268. Lengo ni kupunguza utoaji wa gesi hizo kwa asilimia 40 ifikapo mwaka 2030. Kwa jiji ambalo takriban theluthi mbili ya gesi joto zake hutoka katika majengo, sheria hii ina mantiki isiyopingika, na mimi ni miongoni mwa waliofurahi ilipopitishwa.

Jengo letu lina futi za mraba 60,000. Ukomo wa majengo ya makazi kwa kipindi cha 2024 hadi 2029 ni kilo 6.75 kwa kila futi ya mraba, ambayo kwetu ni tani 405 kwa mwaka. Boila iliyoko chini ya jengo inachoma galoni 30,000 za mafuta ya kupashia joto namba 2, na kwa vipimo vya sheria hiyo mafuta hayo peke yake ni tani 308. Umeme wa fleti na wa maeneo ya pamoja unaongeza tani 78, gesi ya kupikia tani 48. Jumla ni tani 434, kwa hiyo tunazidi kwa tani 29, na faini yake ni takriban dola 7,800 kwa mwaka.

Paneli za jua zinatufanyia nini katika hesabu hiyo? Kilowati-saa 60,000 zinahesabiwa kuwa tani 17 zilizoepukwa. Si haba, ila bado tunazidi kwa tani 12. Tena kuna jambo ambalo muuzaji hakulitaja na ambalo mimi mwenyewe nililigundua nikiwa nimekwisha kusaini: kipimo cha hewa ukaa kwa kila kilowati-saa ya umeme wa gridi kinashuka kwa nusu kuanzia mwaka 2030, kutoka takriban gramu 289 hadi gramu 145, kwa sababu sheria inatarajia gridi iwe safi zaidi. Hilo ni jambo jema kwa dunia na ni jambo jema kwa jengo linalotumia umeme, lakini maana yake ni kwamba paneli zilezile, zikizalisha umeme uleule, zitahesabiwa kuwa zinaepusha tani 9 tu. Wakati huohuo ukomo wetu utashuka hadi tani 201. Mafuta hayatabadilika hata kidogo: galoni 30,000 zitabaki kuwa tani 308, na hizo peke yake zitauvuka ukomo kwa zaidi ya tani 100. Bila paneli faini yetu kwa mwaka 2030 ingekuwa takriban dola 52,000. Tukiwa na paneli itakuwa chini ya hapo kwa dola 2,300 hivi.

Ndiyo maana nasema punguzo hili linapima kitu kimoja na sheria inapima kingine. Punguzo linauliza: umetumia fedha ngapi kufunga paneli? Sheria inauliza: umetoa tani ngapi? Jengo linaweza kujibu swali la kwanza vizuri sana na kushindwa la pili. Nikizihesabu paneli zetu kwa miaka 20 kwa kiwango cha tani 9 kila mwaka, zitaepusha tani 180, na jiji litakuwa limesamehe dola 60,000 za kodi, ambazo ni dola 333 kwa kila tani, kiasi kinachozidi hata faini yenyewe. Siwezi kulaumu umeme wa jua kwa hilo. Unapunguza mzigo wa gridi katika mchana wa kiangazi, wakati ambapo mitambo michafu zaidi ya kuzalisha umeme huwashwa, na faida hiyo haionekani katika hesabu ya jengo moja. Nalaumu ukweli kwamba tuzo kubwa kuliko zote tulizoweza kupata iliwekwa juu ya paa ilhali moshi unatoka chini.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo hili, kwa sababu niliona kwa macho yangu jinsi linavyoathiri uamuzi wa watu wenye nia njema. Katika mwaka uleule tulipojadili paneli, mhandisi wetu alileta ripoti ya mfumo wa mvuke. Jengo linapashwa joto kwa mvuke unaopanda kupitia mabomba ya zamani. Fleti za juu huwa na joto kiasi kwamba watu hufungua madirisha katikati ya Januari, na fleti za chini husubiri saa nzima kabla ya kipasha joto cha sebuleni kuanza kuvuma. Mhandisi alipendekeza kuvika mabomba ganda la kuzuia joto, kubadilisha vali za kutoa hewa, kuweka vali za kudhibiti joto katika kila chumba na kufunga vipima joto vinavyoiambia boila lini izime. Gharama ilikuwa dola 90,000. Makisio yake yalikuwa asilimia 15 ya mafuta, yaani tani 46 kwa mwaka, karibu mara tatu ya paneli kwa vipimo vya sasa na mara tano kwa vipimo vya mwaka 2030. Kazi hiyo peke yake ingetutoa kwenye faini hadi mwisho wa mwaka 2029.

Bodi ilijadili ripoti hiyo kwa dakika ishirini na paneli kwa mikutano mitano. Sababu haikuwa ujinga wala uzembe. Paneli zilikuwa na asilimia 30 iliyoandikwa mbele yake na mabomba hayakuwa na kitu, na mkutano wa wanahisa ni rahisi kuushawishi kwa kitu ambacho jiji linakilipia sehemu kuliko kwa kitu ambacho wanakilipia wote wenyewe, hata pale ambapo cha pili kingejilipa chenyewe ndani ya miaka michache kwa mafuta yaliyookolewa. Kabla punguzo la kodi halijaelekeza fedha za jengo, huwa limekwisha kuelekeza macho ya bodi, na macho yetu yaliangalia juu.

Haki inanitaka niseme kwamba jiji lina punguzo jingine, liitwalo J-51, lililoanzishwa mwaka 1955, ambalo kwa miongo mingi limefidia kazi kubwa za ukarabati zikiwemo mabomba, madirisha na boila. Muda wake uliisha mwaka 2022 na baadaye likahuishwa kwa masharti mapya. Kwa majengo ya ushirika, sharti mojawapo ni kwamba wastani wa thamani ya makadirio usizidi dola 45,000 kwa fleti, na sisi tumeuvuka. Sioni dhuluma katika hilo, kwa kuwa ni sahihi kuwatanguliza wenye uwezo mdogo. Bodi inayosoma tathmini hii na ambayo jengo lake liko chini ya kiwango hicho ianzie hapo kabla ya kutazama paa, ikihakikisha tu kwamba tarehe za mradi wake zimo ndani ya kipindi cha sheria, kwani J-51 linaweza kufikia hadi asilimia 70 ya gharama zilizoidhinishwa.

Kuna pia wale ambao huduma hii haiwafikii kabisa, na nadhani wanastahili kutajwa. Taasisi zisizolipa kodi ya majengo, kama vile makanisa, misikiti na shule nyingi, hazina kodi ya kupunguziwa, ingawa mara nyingi zina mapaa mapana kuliko yetu. Mpangaji katika jengo la kukodisha hana ankara ya kodi. Punguzo humwendea mwenye jengo, na hakuna kinachomlazimisha ampe mpangaji wake hata sehemu ya nafuu hiyo. Chombo chochote kinachopitia kodi ya majengo kitakuwa na mipaka hii, kwa kuwa kodi yenyewe inamtambua mmiliki tu.

New York haiko peke yake katika kupima fedha badala ya tani. Nchini Hispania, sheria inaziruhusu manispaa kupunguza kodi ya mali isiyohamishika hadi asilimia 50 kwa jengo lililofungwa mfumo wa kutumia nishati ya jua, na hapo pia kinachotazamwa ni kufungwa kwa mfumo. Jimbo la Nevada lilifuata njia nyingine, ya kutoa punguzo kwa majengo yenye LEED, hati inayotambua majengo yanayojali mazingira, na historia yake inafaa kukumbukwa: mwaka 2005 lilitoa punguzo la hadi asilimia 50, na kufikia mwaka 2007 wabunge walikuwa wamelazimika kulibana baada ya kuona ukubwa wa mapato yatakayopotea kwa majengo makubwa ya hoteli na kasino. Leo kiwango chake ni kati ya asilimia 25 na 35 kulingana na daraja la hati. Hati ni kipimo bora kuliko risiti ya vifaa, lakini nayo inapima jengo kama lilivyosanifiwa, na boila haichomi usanifu.

Nikitakiwa kutoa nyota, ninatoa nyota nne kati ya tano kwa utaratibu: masharti yanaeleweka, fedha zilizoahidiwa kwa mwaka zilikuja zote, na ankara ya Julai ilionyesha dola 15,000 pale hasa zilipopaswa kuwa. Kwa lengo la kupunguza hewa ukaa kutoka katika jengo lenye boila ya mafuta, ninatoa nyota mbili. Jengo ambalo tayari linajipasha joto kwa umeme lingeweza kutoa tathmini tofauti, kwa kuwa huko paneli na matumizi makubwa ya jengo viko katika mita moja. Kwa wengine wote ushauri wangu ni huu: mwiteni mhandisi kabla ya muuzaji wa paneli, mjue tani zenu ziko wapi, mrekebishe mvuke kwanza, kisha mfunge paneli na kuchukua asilimia 30 mnayostahili.

Kinachonitia moyo, na ndiyo sababu niliyoamua kuandika kwa urefu huu, ni kwamba jiji tayari lina kipimo sahihi mkononi. Tangu tarehe 1 Mei 2025, kila jengo linalohusika na Sheria Namba 97 linapaswa kuwasilisha ripoti ya mwaka yenye tani zake, iliyothibitishwa na mtaalamu mwenye leseni. Tani hizo hutumika kutoza faini. Hakuna sababu ya kiufundi ya kuzuia zisitumike kupunguza kodi pia, ili jengo lililoshusha tani zake chini ya zilizokuwa katika ripoti yake ya kwanza lipunguziwe kodi kwa kila tani, liwe limefanya hivyo kwa paneli, kwa mabomba, kwa madirisha au kwa kuiondoa boila kabisa. Mhandisi wetu ametuambia kwamba kuhamia pampu za joto zinazotumia umeme, hata kwa sehemu tu ya jengo, kungeshusha tani 150 kwa mwaka. Kwa kiwango kilekile cha dola 268, hizo ni dola 40,200 kila mwaka kwenye ankara ya kodi, na kwa tarakimu hiyo ningeweza kuuitisha mkutano wa wanahisa wiki ijayo.